Jinsi ya Kuandika Habari za Wanawake wa Sayansi wa Marekani: Anza na Kazi, Jina Litafuata

Makala nyingi za Kiswahili kuhusu wanawake waliochangia sayansi na teknolojia katika historia ya Marekani zinafanana kama maji ya mtungi mmoja: jina, mwaka wa kuzaliwa, neno "jasiri", orodha ya tuzo, kisha jina linalofuata. Msomaji akimaliza anajua kwamba wanawake hao walikuwepo, lakini hajui hata mmoja wao alifanya nini alipoketi mezani asubuhi. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuandika vizuri zaidi ya hapo, awe mwalimu anayetayarisha somo, mwandishi wa gazeti, mtayarishaji wa kipindi cha redio au mwanafunzi aliyepewa insha. Njia ninayoipendekeza ni ya kuanzia kwenye kazi yenyewe: chukua ugunduzi, mashine au jedwali, kisha uulize ni mkono wa nani uliolifanya jambo hilo. Ukianza na majina utawapata wale ambao tayari wanajulikana, ilhali ukianza na kazi utawafikia pia wale walioachwa nyuma na karatasi.

Soma sentensi ya kwanza, si sahihi ya mwisho

Mfano ninaoupenda ni wa waraka mfupi, namba 173, uliotolewa tarehe 3 Machi 1912 na kituo cha kuangalia nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard. Una kurasa chache tu, na mwishoni pana jina la mkurugenzi, Edward C. Pickering. Mtafiti mwenye haraka ataliandika jina hilo kwenye daftari lake na kuufunga waraka. Lakini sentensi ya kwanza kabisa inaeleza kwamba taarifa ifuatayo, inayohusu vipindi (yaani muda wa kila nyota kung'aa, kufifia na kung'aa tena) vya nyota 25 zilizo katika Wingu Dogo la Magellan, kundi la nyota lililo mbali sana, imetayarishwa na Bi. Leavitt. Hapo ndipo pa kusimama na kuanza kuuliza maswali.

Henrietta Swan Leavitt aliajiriwa Harvard kwa ujira wa senti 30 kwa saa. Wingu Dogo la Magellan halionekani kutoka Massachusetts, kwa hiyo picha zake zilipigwa Arequipa, nchini Peru, ambako Harvard ilikuwa na kituo, na mabamba ya kioo yakasafirishwa hadi Harvard, mjini Cambridge, Massachusetts. Juu ya bamba la namna hiyo anga huonekana jeupe na kila nyota ni doa jeusi. Leavitt alikuwa na kipande kidogo cha kioo chenye madoa yaliyopangwa kwa ukubwa unaojulikana. Alikilaza kando ya nyota aliyoichunguza, akalinganisha, akaandika kiwango cha mwangaza, kisha akachukua bamba la usiku mwingine na kurudia. Kwa kazi hiyo ya kulinganisha madoa alitoa mwaka 1908 orodha ya nyota 1,777 zinazobadilika mwangaza. Mwaka 1912, katika zile 25 alizokuwa amezipima kwa ukamilifu, ambazo ya upesi kuliko zote ilipanda na kushuka kwa muda unaozidi kidogo siku moja na robo na ya polepole kuliko zote ilichukua siku 127, alionyesha kwamba kadiri kipindi cha nyota kinavyokuwa kirefu ndivyo nyota hiyo inavyong'aa zaidi.

Usiandike "aligundua uhusiano wa kipindi na mwangaza" halafu ukaenda zako, kwa maana sentensi hiyo haimwambii msomaji wetu lolote. Mweleze kwa kitu anachokijua. Aliyewahi kusimama ufukweni usiku akitazama ngalawa zinazovua dagaa kwa karabai anajua kwamba taa ya karibu yenye mwanga hafifu inaweza kuonekana kali kuliko taa kubwa iliyo mbali. Lakini kundi la ngalawa likiwa limekusanyika mahali pamoja, mbali sana na pwani, tofauti ya umbali kati yao ni ndogo mno, na taa inayoonekana kali ndiyo kali kweli. Nyota za Wingu Dogo zilikuwa kundi kama hilo. Kwa kuwa zote ziko mbali karibu sawasawa, mwangaza uliopimwa kwenye kioo ulifuatana na mwangaza wake halisi. Tangu hapo, mwanafalaki akiona nyota ya aina hiyo popote pale, alihesabu siku za kipindi chake, akajua ukali wake halisi, na kwa kulinganisha na mwangaza unaofika duniani akapata umbali. Ndicho kipimo alichokitumia mwanafalaki Edwin Hubble kuanzia mwaka 1923 kuthibitisha kwamba kundi la nyota la Andromeda liko nje kabisa ya Njia Nyeupe, kundi la nyota ambalo jua letu limo. Leavitt alikwisha kufariki Desemba 1921, na mtaalamu wa hisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, aliyemwandikia mwaka 1925 akikusudia kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel, hakuwa na habari ya kifo hicho.

Kwa hiyo, katika kila andiko la kisayansi la zamani, soma mahali patatu kabla ya kuandika jina la mwenye kazi: aya ya kwanza, shukrani na tanbihi. Maneno kama "yamekokotolewa na", "vipimo vimefanywa na" au "kwa msaada wa Bi. fulani" ni milango, na mara nyingi nyuma ya neno "msaada" ipo kazi ya miaka kumi.

Fuatilia majina yote ya mtu mmoja

Kikwazo cha pili ni majina. Mwanamke wa Marekani wa karne ya 19 au ya 20 aliweza kuzaliwa na jina moja, kuolewa na kuchukua la pili, kufiwa au kuachika na kuchukua la tatu, na kazi zake zikatawanyika chini ya majina yote hayo. Katherine Johnson, aliyekokotoa njia za vyombo vya angani katika kituo cha Langley, Virginia, alizaliwa Coleman, akawa Goble kwa ndoa yake ya kwanza, na akawa Johnson mwaka 1959 alipoolewa tena baada ya kufiwa. Ripoti iliyochapishwa na NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1960 kuhusu jinsi ya kukielekeza chombo ili satelaiti ipite juu ya mahali palipochaguliwa duniani ina majina mawili ya waandishi, la T. H. Skopinski na la Katherine G. Johnson. Anayetafuta kazi zake za miaka ya kabla ya hapo kwa jina la Johnson hatapata kitu, na akikata tamaa ataamini kwamba hazikuwepo. Kabla ya kuingia kwenye nyaraka, andika juu ya karatasi majina yote, vifupisho vyote na miaka ya kila ndoa.

Kwa upande wa teknolojia, chanzo bora ni hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya uvumbuzi wake. Hataza za Marekani zinaweza kusomwa bure kwenye intaneti kwa kuandika namba tu, ingawa nyingi za kabla ya mwaka 1836 ziliteketea kwa moto ulioiunguza ofisi yake Desemba ya mwaka huo. Miongoni mwa zilizoteketea ni ile ya Mary Kies ya mwaka 1809, iliyohusu namna ya kufuma majani makavu pamoja na hariri. Fungua namba 2,292,387, ya tarehe 11 Agosti 1942. Inaeleza mfumo wa mawasiliano ya siri ambao mtumaji na mpokeaji wa mawimbi ya redio wanarukaruka pamoja kati ya masafa 88 ya mawimbi hayo, wakiongozwa na karatasi zilizotobolewa kama zile za piano inayojipiga yenyewe, ili adui asiweze kulivuruga bomu la majini linaloongozwa kwa redio. Utamtafuta mwigizaji Hedy Lamarr humo usimwone. Aliyeandikwa pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil ni Hedy Kiesler Markey, Kiesler likiwa jina la kwao na Markey la mtu aliyekuwa mume wake hataza ilipoombwa.

Wakati mwingine jina lililoandikwa ni la mtu mwingine kabisa. Martha Coston alikuta katika karatasi za marehemu mumewe wazo la taa za ishara za usiku kwa ajili ya meli, likiwa bado halifanyi kazi, na alitumia miaka mingi kulifanya lifanye kazi. Hataza ya mwaka 1859 inamtaja marehemu kuwa ndiye mvumbuzi na Martha kuwa msimamizi wa mirathi yake. Ilifika mwaka 1871 ndipo alipopata hataza kwa jina lake mwenyewe. Ni vizuri msomaji aelezwe kwa nini mambo yalikuwa hivyo: chini ya sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza, mali ya mke aliyeolewa ilikuwa mikononi mwa mume, na majimbo yaliibadilisha hali hiyo moja baada ya jingine katika karne ya 19. Mwandishi asipolisema hili, msomaji atadhani wanawake hawakuvumbua.

Palipotokea ugomvi, shukuru, kwa sababu ugomvi huacha karatasi. Margaret Knight alipotengeneza mashine ya kukunja mifuko ya karatasi yenye kitako bapa, mtu aliyeiona mashine hiyo ikiundwa karakanani alikimbilia kuomba hataza kwa jina lake. Knight alimshtaki, akaleta michoro, kumbukumbu na mashahidi, akashinda, na hataza ikatoka mwaka 1871. Mashauri ya namna hii yana maelezo ya siku kwa siku ambayo wasifu wa kawaida hauna.

Uliza alilipwa nini, na cheo chake kiliitwaje

Orodha ya mishahara husema ukweli ambao hotuba za kumbukumbu huuficha. Williamina Fleming, mzaliwa wa Dundee huko Scotland, aliingia nyumbani kwa Pickering kama mtumishi wa kazi za ndani, kisha akahamishiwa kituoni, ambako aliishia kusimamia kundi zima la wanawake wakokotoaji na kuainisha nyota zaidi ya 10,000 katika orodha iliyotoka mwaka 1890. Yeye ndiye aliyeona kwenye bamba la mwaka 1888 wingu la giza la angani linalofahamika leo kama Kichwa cha Farasi, lakini orodha ya kimataifa iliyofuata ilimtaja Pickering. Katika shajara aliyoiandika mwaka 1900 analalamika kwamba yeye hupata dola 1,500 kwa mwaka na baadhi ya wasaidizi wanaume dola 2,500, na kwamba alipolitaja jambo hilo aliambiwa mshahara wake ni mzuri kwa mwanamke. Maneno kama haya yana uzito kuliko kurasa tatu za kusifu uvumilivu wake.

Vivyo hivyo mwanafizikia Maria Goeppert Mayer. Alipoijenga hoja yake kuhusu matabaka ya kiini cha atomu, Chuo Kikuu cha Chicago, ambako mumewe alikuwa profesa, kilikuwa kimempa cheo bila mshahara, na kipato chake kilitoka kwenye kazi ya nusu muda katika maabara ya Argonne. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 1963.

Usipite picha kimya

Katika picha za kompyuta ya ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani Philadelphia Februari 1946, wanaonekana wanawake wakiwa mbele ya kabati za mashine yenye mirija ya umeme karibu 18,000. Kwa miongo kadhaa majina yao hayakuandikwa chini ya picha. Katika miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja wa chuo aliuliza wao ni akina nani akajibiwa kwamba ni warembo waliowekwa pale ili mashine ipendeze, kama katika matangazo ya majokofu. Hakuridhika, akaendelea kuuliza, na ikabainika kuwa ndio waliokuwa wameipangia mashine kazi, wakisoma michoro ya nyaya kwa sababu hapakuwa na kitabu cha maelekezo. Walikuwa sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hesabu ya njia ya kombora iliyowastaajabisha wageni siku ya maonyesho ilitayarishwa na Jennings na Snyder, nao hawakualikwa kwenye karamu ya jioni. Ukipata picha isiyo na majina, basi, tafuta nakala yake nyingine, geuza nyuma, linganisha na orodha ya wafanyakazi ya mwaka ule.

Usimvike mtu kilemba cha ukoka

Mwandishi aliyegundua kwamba wanawake wamepunjwa hushawishika kulipa deni kwa riba, na hapo ndipo anapoharibu. Inasemwa kila mahali kwamba mtaalamu wa kompyuta Grace Hopper ndiye aliyemkamata mdudu ndani ya kompyuta na hivyo kuleta neno la Kiingereza la "mdudu" kwa maana ya hitilafu. Nondo huyo yupo kweli, amebandikwa kwenye daftari la mashine ya Mark II la tarehe 9 Septemba 1947 lililohifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, lakini si Hopper aliyemkuta, na Thomas Edison alikuwa akilitumia neno hilo kwa maana hiyo tangu miaka ya 1870. Kinachosikitisha ni kwamba kisa cha nondo kinaifunika kazi yake halisi. Mwaka 1952 alitengeneza programu ya kwanza ya aina yake, iliyokusanya vipande vya maelekezo na kuvigeuza kuwa lugha ya mashine, na baadaye FLOW-MATIC, lugha ya kuandikia programu iliyotumia maneno ya kawaida ya Kiingereza na ambayo lugha ya COBOL iliegemea sana ilipoundwa mwaka 1959.

Lamarr naye hakuvumbua Wi-Fi, hata kama wazo la kurukaruka kati ya masafa lilikuja kuwa na wajukuu wengi. Na Matilda Joslyn Gage, aliyewatetea wavumbuzi wanawake kwa nguvu kuanzia mwaka 1870, na ambaye mwaka 1993 mwanahistoria Margaret Rossiter alilitumia jina lake kuita tabia ya kuwapa wanaume sifa za kazi ya wanawake, aliandika kwamba mashine ya kuchambua pamba ilikuwa wazo la Catharine Greene. Eli Whitney, anayetajwa kwa kawaida kuwa ndiye mvumbuzi wake, alikuwa akiishi katika shamba la mama huyo, hilo ni kweli, lakini Gage aliandika zaidi ya miaka 70 baada ya tukio. Andika hivyo hivyo: nani alidai, lini, na kwa umbali gani wa miaka.

Kiswahili chenyewe kina mitego

Lugha yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye" wala katika kitenzi. Kwa mambo mengi ni neema, lakini hapa inaweza kuzika kile unachojaribu kufukua. Ukiandika "mtaalamu wa hisabati wa Langley alikagua hesabu za safari ya John Glenn mwaka 1962", msomaji ataona mwanamume machoni pake. Taja jinsia mapema, mara moja, kisha endelea na kazi.

Neno "kompyuta" linahitaji uangalifu zaidi. Hadi katikati ya karne ya 20, neno la Kiingereza lilikotoka lilimaanisha mtu anayekokotoa, na ndivyo walivyoitwa wanawake wa Harvard na wa Langley. Ukilitafsiri kwa "kompyuta" utamchekesha msomaji, andika "mkokotoaji". Na kwa neno "mama", ambalo kwetu ni la heshima, fikiri kwanza. Goeppert Mayer aliposhinda Nobel, gazeti moja la mji wake liliandika kichwa cha habari kwamba mama wa San Diego ameshinda tuzo. Kwa masikio ya Kiswahili hicho ni cheo. Kwa masikio ya wasomaji wa gazeti lile kilimwondoa maabarani na kumrudisha jikoni. Usikitafsiri bila kueleza. Neno "msaidizi" nalo nimelipiga marufuku katika maandishi yangu hadi nihakikishe kwamba aliyeitwa hivyo alisaidia kweli.

Jaribu kwa aya moja

Tuchukue Marie Tharp. Rasimu ya kwanza ya wengi ingesema: "Marie Tharp alikuwa mwanamke shupavu aliyeipenda sayansi na kumsaidia Bruce Heezen kuchora ramani ya bahari." Katika sentensi hiyo hakuna kazi wala mwaka, na kitenzi kikubwa kimepewa mwingine. Sasa rudi kwenye meza yake na uulize alikuwa na nini mikononi. Alikuwa na vipimo vya kina cha maji vilivyoletwa na meli ambazo yeye, kwa kuwa mwanamke, hakuruhusiwa kuzipanda. Tunaandika upya:

"Mwaka 1952, katika maabara ya Lamont ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marie Tharp aligeuza vipimo vya kina cha bahari kuwa michoro sita inayokata Atlantiki ya Kaskazini kutoka pwani hadi pwani. Alipoipanga mmoja chini ya mwingine, aliona kwamba milima iliyo katikati ya bahari ina mpasuko juu ya mgongo wake, na mpasuko huo ulijitokeza mahali palepale mchoro hadi mchoro. Mwenzake Bruce Heezen alilipuuza wazo hilo akiliita maneno ya wasichana, kwa sababu lilielekea kuthibitisha kwamba mabara husogea. Kwenye meza ya jirani palikuwa pakichorwa ramani ya vitovu vya matetemeko. Ilipowekwa juu ya ramani ya Tharp, matetemeko yaliangukia ndani ya mpasuko. Mstari huo haukuishia baharini. Ukifuatwa, ulipanda nchi kavu na kuungana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ambalo umbo lake lilifanana na kile alichokiona Tharp chini ya Atlantiki."